Bajeti ni Foleni: Historia Fupi ya Kutengeneza Nyumba, Kutoka Munyaka

Mwezi wa nne mwaka huu, jipsamu mpya ya sebule yetu hapa Munyaka ilianza kulowa. Kwanza doa dogo kwa kona, rangi ya chai ya maziwa. Kesho yake doa limekuwa saizi ya sahani. Wiki ya pili kipande kikaanguka juu ya kochi saa tisa usiku, tukadhani ni mwizi.

Hiyo jipsamu nilikuwa nimeipigia video. Ikiwa mpya, na zile taa zake ndogo, mliipenda sana, asanteni. Leo nawaletea upande wa pili wa hiyo video. Kutafuta nilikosea wapi kumenipeleka mpaka mwaka wa 1912, mpaka Dandora, mpaka kwa daftari la shosho. Kwa hivyo hii ni historia, lakini ni historia ya doo. Kaa hapo.

Wacha nianze na hesabu, ndio ujue siongei hewa.

Tulikuwa na shilingi 180,000. Mathe alitoa 120,000, mgao wa chama chake alioukusanya kwa miaka mitatu. Mimi nikaweka 60,000 za kupiga video za harusi. Mpango ulikuwa na mambo mawili: turekebishe nyumba kubwa, halafu tuongeze chumba kimoja cha kukodisha nyuma. Kodi ya hicho chumba ingesaidia kulipa karo ya sistangu mdogo. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na wengi wenu mnajua sababu, kwa sababu ni yenu pia. Mathe alisema hataki kuona hiyo sinema mara mbili kwa nyumba moja. Yaani huu mjengo haukuwa wa urembo. Ulikuwa karo ya mtu.

Na bajeti nikapewa mimi, eti wewe ndiye mtu wa simu, unajua kutafuta bei.

Nikaanza na nini? Jipsamu 38,000. Taili za sebule 27,000. Rangi 9,000. Jumla 74,000, na hakuna hata bob iliyoenda kwa paa. Fundi aliniuliza, "Boss, huko juu kuko sawa?" Nikamwambia kuko sawa. Sikuwa nimepanda kuangalia.

Mvua ya Eldoret mnaijua. Haibishi hodi. Ilipokuja, tukapanda, tukakuta mabati yameliwa na kutu, misumari imelegea, mbao mbili zimeoza. Kurekebisha: mabati 24 kwa 1,050, hiyo ni 25,200. Mbao 14,000. Kofia za paa na misumari 4,800. Fundi na msaidizi wake 12,000. Jumla 56,000. Tukabaki na 50,000, na chumba cha kukodisha kilikuwa kimekadiriwa 95,000.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Pesa zilikuwa zinatosha! Chukua 180,000, toa 56,000 za paa, unabaki na 124,000. Toa 95,000 za chumba, unabaki na 29,000. Ningepaka rangi na nibaki na chenji. Jumla yangu haikuwa na shida. Shida ilikuwa nani aliingia kwanza.

Ndio maana nasema bajeti si jumla. Bajeti ni foleni. Na ukiangalia vizuri historia ya hapa kwetu, watu walijua hivyo kabla yetu. Ni sisi tumesahau, kwa sababu tunajifunza nyumba kwa video za sekunde 30, ambapo chumba kibovu kinakuwa hoteli mtu akipiga makofi mara moja.

Kasha ambalo halikubebeka

Ukikulia hapa hukosi kusikia stori ya benki. Eldoret ilikuwa bado ni kijisehemu tu, watu wanakuita Sisibo, yaani 64, kwa sababu ya shamba nambari 64. Uwanda huu ulikuwa na wenyewe, Wasirikwa wa zamani, Wamaasai, halafu Wanandi, kabla ya walowezi Makaburu kufika na magari ya ng'ombe mwaka wa 1908. Posta ikafunguliwa 1910. Mwaka wa 1912 mahali pakapewa jina Eldoret, ambalo husemwa limetoka kwa neno la Kimaasai la mto wenye mawe.

Mwaka huo huo benki ikaja. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba kasha la pesa lililetwa na gari la kukokotwa, likateremshwa, na likawa zito kiasi kwamba hakuna aliyeweza kulisogeza tena. Basi benki ikajengwa kulizunguka kasha.

Watu huicheka hiyo stori. Mimi nikiisikia sasa naona ni somo la kwanza la bajeti katika huu mji. Kila nyumba iko na kasha lake, kitu ambacho huwezi kusogeza, na kila kitu kingine kinafaa kupangwa kukizunguka. Kwa wengine ni shimo la choo. Kwa wengine ni mpaka na jirani, ama mteremko unaoleta maji yote ya barabara kwa mlango wao. Kwetu kasha lilikuwa paa. Mimi nikafanya kana kwamba halipo, nikajenga chini yake.

Na mji wenyewe haukujengwa kwa mkupuo. Jina 1912. Reli ikafika 1924. Maji ya bomba kutoka mto Sosiani 1928. Stima 1933. Hadhi ya jiji tumepata Agosti 2024. Kutoka jina mpaka jiji ni miaka 112. Wewe unataka kumaliza nyumba Disemba.

Boriti ndiyo ilikuwa inaamua

Twende pwani kidogo, halafu turudi. Nyumba za mawe za Lamu, zile za zamani za matumbawe na chokaa, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Si mtindo tu. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Chumba hakingeweza kuwa kipana kuliko boriti. Vifaa ndivyo vilichora ramani.

Na familia haikujenga yote siku moja. Binti akikaribia kuolewa, orofa iliongezwa juu ya nyumba ya wazazi. Mahali pengine chumba kilivushwa mpaka juu ya kichochoro kikashikana na nyumba ya upande wa pili, hicho wanakiita wikio. Nyumba ilikua na watu wake. Aliyejenga chini alifaa kuweka kuta ambazo siku moja zingebeba wa juu.

Unaona hapo? Kupanga hakukuwa kujua bei ya kila kitu. Kupanga kulikuwa kujua nini kitakuja baadaye, ili cha leo kisikizuie.

Hata sisi wa mabati tuko na boriti yetu. Mabati huuzwa kwa urefu uliopimwa, mita 2, mita 2 na nusu, mita 3. Ukichora chumba chenye ukuta wa mita 3 na sentimita 20 kwa sababu ulitaka kitanda kikae vizuri, umenunua bati lingine ukate kipande cha kiganja, na kilichobaki kinaenda kwa banda la kuku. Fundi mzuri atakuambia uanze na saizi ya bati, halafu ndio uchore.

Kwa nini wazee walijenga kwa matope

Kuna swali lilikuwa linanisumbua: mbona nyumba nyingi za zamani za Waafrika mjini zilikuwa za udongo na fito, hata za watu waliokuwa na kazi?

Jibu moja liko Pumwani, Nairobi. Miaka ya mwanzo ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga hiyo sehemu kwa Waafrika. Mtu aliruhusiwa kujenga nyumba yake, lakini ardhi haikuwa yake. Kwa macho ya serikali, Mwafrika mjini alikuwa mpita njia, amekuja kufanya kazi, atarudi kwao. Sasa wewe ungeweka mawe kwa ardhi ambayo unaweza kuambiwa uhame? Watu wakajenga kwa udongo, na juu wakaweka madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Haikuwa ushamba. Ilikuwa bajeti ya mtu anayejua hatari yake.

Hilo bado ni swali la kwanza leo kabla ya simiti: hii ardhi ni ya nani, na karatasi iko wapi? Najua watu wameweka taili kwa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akapandisha kodi kwa sababu nyumba imekuwa nzuri.

Dandora: choo kwanza

Mwaka wa 1975 serikali na Benki ya Dunia zilianzisha mradi Dandora, Nairobi. Ploti 6,000 za watu wa kipato cha chini. Na wengi wa waliopewa ploti hawakupewa nyumba. Walipewa kipande cha ardhi kikiwa na choo, bafu na bomba la maji, vimeunganishwa na mabomba ya maji taka. Basi. Vyumba ujenge mwenyewe, pole pole, na mkopo mdogo wa vifaa.

Nilipojua hivyo nilicheka kwanza. Fikiria unaonyesha watu kwenu, na kwenu ni choo kimesimama peke yake kwa uwanja.

Halafu nikafikiria vizuri. Choo na mabomba ndiyo kazi ambayo mtu mmoja hawezi kufanya peke yake baadaye, na ukikosea lazima uvunje kila kitu ndio urekebishe. Ukuta wa chumba unaweza kuongeza wakati wowote ukipata pesa. Mfereji wa maji taka chini ya sakafu ya taili, hapana. Kwa hivyo walianza na kitu kigumu, kibaya kwa macho, ambacho hakuna mtu angekipiga picha.

Watu wakaendelea vipi? Kuna walioingia vikundi vya ujenzi, wanachanga, wanajengeana kwa zamu, vile mathe zetu hufanya na vyama mpaka leo. Wengi wakajenga vyumba viwili vitatu, wakakodisha, kodi ikasaidia kulipa mkopo na kuongeza chumba kingine. Chumba cha kwanza kilitafuta pesa ya chumba cha pili. Sisemi kila kitu kilienda vizuri. Kuna waliolemewa wakauza ploti kwa wenye pesa, na leo sehemu kubwa ya Dandora ni magorofa ya vyumba vya kupanga ambayo wachoraji wa 1975 hawakuota. Lakini ile foleni yao, mabomba, kisha paa, kisha chumba cha kuingiza pesa, kisha urembo, bado sijaona mtu ameipiga.

Miaka hiyo hiyo Nairobi ilikuwa inajenga Buruburu, nyumba kamili za watu wa mshahara, unaingia na mkopo wa nyumba. Tembea Buruburu leo uone ni ngapi zimebaki vile zilivyojengwa. Watu wameongeza vyumba, maduka, ghorofa. Hata nyumba iliyomalizwa haijamalizwa.

Daftari la shosho

Sasa turudi nyumbani.

Shosho alinunua hii ploti 1994. Hakusoma sana, lakini ako na daftari la jalada gumu ambalo ameandika kila kitu kilichoingia kwa hii nyumba. Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote juu ya kabati, nikidhani ni la nyimbo za kanisa. Baada ya jipsamu kuanguka, alinitumia hilo daftari na sistangu, hakusema kitu.

Kurasa zina safu tatu. Kitu. Bei. Na ya tatu ameandika "Bado." Kwa Bado anaandika kinachofuata, kwa mpangilio, bila bei. Mwaka wa 1996 kwa Bado kuna "sakafu ya simiti." Sakafu inahamia upande wa vitu vilivyonunuliwa mwaka wa 1999. Miaka mitatu ilikaa kwa foleni, na hakuna kitu kiliruhusiwa kuiruka.

Halafu kuna ukurasa wa 2008.

Wengi wenu mko na stori ya 2008 kwenu. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Disemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Eldoret iliumia sana. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka hema Showground, na matope, na mathe akinifunga kwa mgongo ingawa nilikuwa nimekuwa mkubwa wa kubebwa. Sitaandika hapa nani alimfanyia nani nini. Nyumba ya shosho ilichomwa, hiyo inatosha.

Mwezi wa tano 2008 serikali ilianza Operesheni Rudi Nyumbani. Familia zilifaa kupewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na ambao nyumba zao ziliharibiwa, 25,000 za kujenga. Kuna wengi walilalamika kwamba hawakuona hata hizo. Shosho aliziona, moja baada ya nyingine. Yaani 35,000 kwa nyumba iliyochukua miaka kumi na minne.

Mimi ningeanza kuandika vitu vya kununua. Yeye hakuanza hivyo. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya pesa yoyote, ameandika vitu vilivyopona: "Msingi upo. Choo kipo. Mabati 9, yamepinda." Na kwa safu ya bei, mbele ya hayo mabati 9, ameweka kistari. Hakuna bei. Alikuwa amelipa tayari.

Halafu ndio mbao. Misumari. Mabati mengine. Mlango na kufuli. Kwa Bado: madirisha, sakafu ya chumba cha pili, rangi. Rangi iliingia 2013.

Nilikaa na huo ukurasa muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye ametoka hemani, ameona nyumba yake ikiwa majivu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuhesabu kilichobaki. Mimi nilikuwa na 180,000 na nyumba imesimama, na sikupanda ngazi kuangalia paa. Na hii ndiyo ilinimaliza: yale mabati yaliyokuwa yamelika, yale niliyomwambia fundi yako sawa? Mengine ni yale 9. Yamenyooshwa, yakapigwa tena misumari. Yalikuwa yametuvumilia miaka yote hiyo.

Nilienda kwake nikamwambia, "Shosho, nimesoma." Akaniangalia, akasema, "Wewe ulinunua dari kabla ya paa." Akarudi kwa chai yake.

Tumefika wapi

Paa limeisha. Kwa zile 50,000 tumemwaga sakafu ya chumba cha nyuma, tumesimamisha nguzo na kuezeka. Kuta, mlango, dirisha na stima viko kwa Bado. Zinahitajika 45,000, na mathe ameomba mkopo kwa chama. Nimeahidi kwamba kila harusi nitakayopiga mpaka Disemba itaingia hapo, maana karo inaanza Januari na Januari haisongi. Sebule iko na dari nusu. Ukija kwetu utaona mbao, na sitaificha kwa kamera.

Ukiwa unapanga kutengeneza kwenu, chukua daftari, lisiwe la simu, na ufanye vile shosho alifanya. Andika kwanza kile kiko na kiko hali gani, na upande ngazi uangalie. Tafuta kasha lako, kitu kisichosogezeka. Uliza fundi wawili, si mmoja, na waandike vifaa mbali na kazi ya mikono. Ukiongeza chumba, uliza kaunti kuhusu ruhusa na uweke ada yake kwa hesabu. Kwa kila 10, weka 1 kando isiguswe, kwa sababu ukifungua ukuta wa zamani lazima kuna kitu kitakushangaza. Halafu panga foleni: kinachozuia maji, kinachotoa maji, kinacholeta pesa, kinachopendeza. Kinachopendeza kisubiri. Kisipofika mwaka huu, andika kwa Bado, si aibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliupaka rangi.

Munyaka kwa Kikikuyu ni bahati, na napenda kwamba natoka mahali panaitwa hivyo. Lakini shosho ameishi Munyaka miaka zaidi ya thelathini, na kwa daftari lake lote sijaona mahali ameandika bahati kwa safu ya pesa inayoingia. Ukurasa wa mwisho sasa uko na mwandiko wangu. Kitu: kuta za chumba cha nyuma. Bei: 45,000. Na kwa Bado, chini kabisa, baada ya stima, baada ya karo, nimeandika jipsamu.